Mchi wa Mama Mkwe na Meza ya Dirishani

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Dada yangu mpenzi, salamu zangu zikufikie kabla ya karatasi. Hujambo? Goti lako la kushoto je, bado linatabiri mvua? Na shemeji na kikohozi chake? Huku tu wazima, Mungu ametushika mkono. Uliponipa daftari hili ulisema niandike kila siku kidogo kidogo kisha nikutumie lote, maana barua zangu ni fupi na zimejaa "mengine tukionana". Haya, naanza. Lisome peke yako. Ukimaliza, likalie.

Kuna habari! Mwenyekiti wa ushirika wetu wa mafundi, yule mama mshona viatu, ametuita saa nne. Karakana itapakwa rangi na meza zitapangwa upya. Meza ya dirishani, meza YANGU, Dada, niliyoikalia miaka kumi na minane, si ya mtu tena kwa mazoea. Itashindaniwa. Jumamosi anakuja Mpishi Mkuu wa hospitali kuchagua kisu kimoja, kisha visu vyote vya jiko lake vitengenezwe kwa mfano huo. Fundi aliyetengeneza mpini utakaochaguliwa, meza ya dirishani ni yake. Atakayeshindwa atakwenda nyuma kabisa, kando ya mlango wa choo.

Nyuma hakuna mwanga! Unajua mimi chuma sikigusi. Chuma kinatoka kwa mhunzi, vyote sawasawa kama wanafunzi wenye sare. Mimi nakipa mpini. Na mpini ni mwanga, Dada. Pembe ya ng'ombe ukiishika gizani ni pembe tu, kitu cha kumtobolea mtu ubavu. Ielekeze dirishani! Utaona asali, na moshi unapanda ndani ya asali. Chukua kifundo cha mzizi, kisugue karibu na dirisha: macho yanafumbuka ndani yake, moja, matatu, mia, yanakutazama kama watoto wanaosubiri hadithi. Kando ya choo nitaona nini? Nitanusa tu.

Wenye kazi ya mipini tuko wawili. Mimi, na mdogo wake mke wangu. Tunamwita Msasa, kwa sababu hajaonekana bila msasa mkononi tangu utoto. Hata siku ya harusi yetu alikuwa pembeni anasugua kiti cha watu. Mipini yake yote ni ya mpera. Mpera, Dada! Mti wa watoto kupanda na kuanguka! Hauna doa, hauna mstari, hauna kisa. Mtu akiushika anasema "mm", basi.

Leo kaniambia mbele ya watu eti shemeji, anza kuizoea harufu mapema. Watu wakacheka. Nikamjibu kuwa mpini wa mpera ni kuni iliyopata bahati. Wakacheka zaidi. Mungu anisamehe, nilifurahi.

Nimepiga magoti chini ya meza yangu nikaomba. Watu walidhani natafuta msumari.

Mpango: pembe.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Nilikuwa na pembe moja nimeitunza miaka mitatu juu ya kabati. Nyeupe shinani, nyeusi nchani, na katikati rangi ya chai ya mgeni, ile yenye maziwa mengi. Nilikuwa naitoa siku za Jumapili naitazama tu, kisha nairudisha.

Tatizo, imepinda. Dawa yake ni kuichemsha mpaka ilegee, kisha uibane kwenye jiriwa ipoe ikiwa imenyooka. Kazi hiyo hufanywa nje, kwenye debe. Debe letu limetoboka. Nikatupa jicho jikoni. Mke wangu yuko sokoni. Mama mkwe kalala. Na sufuria ya maziwa ipo ukutani, safi, inanitazama.

Umewahi kunusa ukucha ukiungua? Zidisha mara saba, kisha funga madirisha.

Mama mkwe aliamka akidhani nyumba inateketea na ng'ombe ndani yake. Huyu tunaishi naye tangu mwaka juzi. Miaka sabini na sita, mwembamba kama uzi, na sijawahi kumtazama usoni kwa zaidi ya dakika moja, nusu kwa heshima na nusu kwa woga. Sasa nimesimama mbele yake na kijiti, nakoroga pembe kwenye sufuria ya maziwa. Nikasema shikamoo, Mama. Akaitikia marahaba. Akafungua dirisha, akachukua mtandio wake, akaenda kukaa kwa jirani. Angenisema ningepona.

Lakini pembe ililegea, Dada, ililegea kama mkate uliolowekwa! Nikaikimbiza karakana, nikaifunga kwenye jiriwa, nikakaza. Ikaanza kunyooka. Ikang'aa. Furaha ikanipanda, nikaanza kuimba pambio. Nikakaza kidogo zaidi kwa ajili ya ubeti wa pili.

Paa! Imepasuka toka shina hadi ncha.

Msasa akauliza, bila kuinua kichwa, kama ubeti wa tatu upo.

Jioni chai ilikuwa na ladha ya zizi. Mke wangu alipiga funda moja, akaweka kikombe chini, akaniuliza kama nina jambo la kuungama. Nikasema tuombe kwanza. Niliomba ombi refu sana, mpaka chai ikapoa na mke wangu akapitiwa na usingizi.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Mungu hamtupi mja wake. Nimekumbuka mfupa!

Ulikuwa juu ya paa la karakana tangu mwaka jana unapigwa na jua. Mfupa wa paja la ng'ombe. Watu wanaudharau mfupa kwa sababu wanauona kwenye sahani. Weupe wake hauna majivuno: si weupe wa karatasi, ni weupe wa jino la kwanza la mtoto. Na ukiusogeza karibu na jicho una vistari vyembamba vya kijivu, kama mvua inayonyesha mbali, upande ambao hujaanika nguo.

Saa nne nimeukata. Saa saba nimeupigilia kwenye ubapa wa kisu kwa misumari mitatu ya shaba. Saa nane nimeupaka nta. Nikawaita watu. Fundi kofia alisema anaogopa kuushika kwa mikono yake hii. Mwenyekiti alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Hata Msasa aliacha kusugua! Nilikuwa nimeshashinda. Nikakiweka kisu dirishani kipate jua, nikaenda kunawa.

Fundi kofia ana mbwa. Anaitwa Jenerali.

Umeshaelewa.

Nilimkimbiza kupitia kwenye ngozi za Mwenyekiti, kupitia uani, tukalizunguka tangi la maji mara mbili. Ubapa aliuacha njiani, kwa uungwana. Mpini aliumalizia chini ya gari bovu, macho kayafumba, kama mtu anayesikiliza wimbo anaoupenda. Mfupa ni mfupa. Wewe umeupaka nta, yeye anajua umempakia siagi.

Msasa alicheka mpaka akakaa sakafuni. Alisema katika miaka yote hiyo huyo ndiye mteja wangu wa kwanza kuridhika.

Nikarudi nyumbani kichwa chini. Na hapo ndipo Mungu (au mwingine, bado natafakari) aliponionesha mchi.

Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye ngazi ya jikoni anaponda vitunguu saumu kwenye kinu chake kidogo. Jua limeingia kwa mlango wa nyuma. Mchi wake, wenye urefu wa toka kiwiko hadi ncha za vidole, nimekuwa nikiuona kila siku kwa miaka miwili, na sikuwahi kuutazama. Alipewa na mama yake mzazi siku aliyoolewa. Miaka hamsini na minne! Pale anaposhika, mti umekonda kwa kufuata vidole. Umekuwa mwekundu wa kahawia, unang'aa bila nta wala msasa, kwa jasho tu na mafuta ya vitunguu na nusu karne ya hasira na furaha za jikoni. Na pale dole gumba linapokaa, nyuzi za mti zinazunguka kama maji yanavyolizunguka jiwe.

Nilisimama mlangoni mdomo wazi. Mama mkwe akaniuliza kama nina njaa. Nikasema ndiyo. Haikuwa ya tumbo.

Nikakikumbuka kigoda cha bibi yetu, kile ulichorithi wewe kwa kuwa ndiwe mkubwa. Miguu yake minne iling'aa vilevile kwa magoti ya bibi. Silalamiki. Nimekikumbuka tu.

Jambo hili nimelipeleka kwenye maombi. Nimemwambia Mungu kama hapendi, anipe ishara kabla ya chakula. Chakula kiliwahi. Nimechukulia karidhia.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Si wizi. Nimelifikiria vizuri sana. Wizi ni kuchukua na kuacha pengo. Mimi sitaacha pengo, nitaacha mchi. Mpya! Ukitazama kwa haki, Mama mkwe ndiye anayefaidi.

Pacha wake nimemchonga kwa mguu wa kitanda kibovu. Umbo sawa, wembamba sawa, hata pale pa dole gumba nimepachimba. Tatizo ni rangi. Ulikuwa mweupe kama kuku aliyenyonyolewa. Nikaupaka chai, ukawa kuku aliyenyonyolewa mwenye huzuni. Basi nikachukua kopo langu la rangi ya viatu, ya kahawia, ile ya viatu vya ibada, nikaichanganya na nyeusi niliyoazima kwa Mwenyekiti, nikausugua mpaka mkono ukaniuma. Lo! Nakwambia hata mama aliyeutoa ule wa kweli asingetambua tofauti! Chini, panapogusa chakula, sikupaka kitu. Mimi si muuaji.

Saa tisa Mama mkwe huenda kwa akina mama wa maombi. Saa tisa na dakika tano nilikuwa jikoni. Pacha ndani, mchi wenyewe nje, chini ya shati langu, umelala kwenye uti wa mgongo. Ikanibidi nitembee nimenyooka kama askari. Jirani alinisifu, akasema naona siku hizi umejikubali.

Karakana nikaingiza msumeno. Dada, harufu iliyotoka! Vitunguu saumu, moshi, nyumba ya watu waliokula pamoja miaka mingi. Nilisimama. Kidogo niache. Kisha nikaona ndani: kiini cha zambarau! Zambarau, Dada, kama kifua cha njiwa! Nikasahau nilikuwa nataka kuacha nini.

Nimechukua kipande cha juu, pale pa mkono. Sikukigusa kwa msasa. Ningesugua nini pale? Nimetoboa kwa keekee tu, nikaingiza mkia wa ubapa, nikaziba kwa gundi. Kipande cha chini nimekificha kwenye sanduku la zana. Kisu nimekifungia kabatini kwa kufuli, kwa ajili ya Jenerali, ingawa yeye kwa mti hana mzuka.

Nimelala mapema kama mtu mwema.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Balaa. Viganja vya Mama mkwe vimekuwa vyeusi.

Aliponda jana jioni, akaponda leo asubuhi. Kumbe rangi ya viatu na mafuta ya kitunguu saumu hupendana. Kanawa kwa sabuni, weusi ukapanda mpaka kwenye viwiko. Akakaa kitandani anaitazama mikono yake, mgongo na kiganja, mgongo na kiganja. Akasema kumbe mtu huanza kufa kwa mikono, na hakuna aliyemwambia. Mke wangu analia. Jirani wa kulia anasema ni ini. Jirani wa kushoto anasema ni damu. Muuguzi wa zahanati kavaa glavu, kaangalia, kasema arudi Jumatatu akiwa hajabadilika. Hata sijui alimaanisha nini.

Kilichonichoma ni hiki. Mama mkwe kamwambia binti yake kuwa hata mchi umemkataa. Akiushika anauona mwepesi, kama nyumba iliyohamwa.

Nilitaka kusema, Dada. Wallahi—hapana, tumekatazwa kuapa. Lakini nilitaka. Mdomo ulishafunguka. Na hapo hapo Msasa, aliyekuja kumjulia hali mama yake, akaninong'oneza akiuliza kama nimeshanunua mishumaa ya kule nyuma. Mdomo ukafungika wenyewe.

Alasiri akina mama wa maombi wakaja, kumi na mmoja, sebule ikajaa. Na nani aombwe aongoze maombi? Mzee msaidizi wa kanisa. Mimi.

Nilisimama nikaomba kwa uangalifu mkubwa, maana Mungu alikuwa anasikiliza na alikuwa na habari zote. Nikasema, Ee Bwana, weusi huu uondoke taratibu, kwa sabuni, kwa mafuta ya kupikia na kwa muda, kuanzia kwenye viwiko kushuka chini. Wakaitikia amina. Mmoja akasema amesali miaka thelathini na hajawahi kusikia ombi lenye maelekezo ya matumizi.

Nikamshauri Mama mkwe asiponde mpaka wiki ijayo. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akasema, mkwe wangu, una moyo. Nikashukuru. Nikaenda kunawa.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Kaa chini kabla ya kusoma.

Mpishi Mkuu alifika saa tano. Mtu mpana kama mlango, viganja kama sinia. Mwenyekiti alitandika kitambaa kwenye meza uani. Visu viwili: cha Msasa cha mpera, na changu. Nilipokifunua, watu walivuta pumzi kwa pamoja! Mwenyekiti akauliza ni mti gani. Nikasema ni siri ya fundi. Msasa akausogelea, akauzunguka, akajikuna kichwa. Alisema anahisi anaujua mti huu tangu utotoni ila hakumbuki wapi. Nikamwambia akakumbukie karibu na choo.

Sasa sikiliza. Mpishi Mkuu hakuvitazama! Alisema jikoni kwake mvuke ni kama ukungu, mpini haonekani hata na mwenye miwani. Mpini ni shauri la kiganja. Akaomba beseni la maji ya sabuni na kitambaa cha kufunga macho. Akauliza, hapa nani amekata na kuponda miaka mingi kuliko wote?

Vichwa vyote viligeuka upande mmoja.

Mama mkwe alikuwa kaletewa kiti aje aone mwanawe na mkwewe wakishindana. Mikono kaifunga kwa mtandio. Nikaruka, nikasema jamani mgonjwa asisumbuliwe. Akasema mgonjwa ni mikono, masikio mazima, na ameitwa. Akaja.

Wakamfunga macho. Akalowesha mikono. Akapewa kisu cha Msasa, akakata kitunguu. Akasema ni kizuri, hakijigambi, unaweza kukata nacho kutwa nzima ukasahau kama unacho. Msasa akatanua kifua kama jogoo.

Akapewa changu.

Dada, vidole vyake viliingia mahali pake kimoja kimoja, kama watoto wanaorudi vitandani mwao. Hakukata kitu. Hata Jenerali alikaa. Akausogeza mpini puani, akanusa. Akanusa kiganja chake. Akanusa mpini tena. Akanusa kiganja.

"Huu ni mchi wangu," akasema, kitambaa kingali machoni. "Na kiganja hiki kinanuka viatu vya mkwe wangu vya Jumapili."

Siku za mwizi ni arobaini. Mimi nilipewa mbili.

Kelele! Msasa anaruka, anapiga kelele ndio maana, ndio maana! Mke wangu kajishika kichwa. Wale akina mama wa maombi waliokuwepo wanatazamana, na yule wa maelekezo ya matumizi anatikisa kichwa polepole, polepole. Nilitafuta pa kujificha. Chini ya gari bovu palikuwa wazi, nikapafikiria.

Mpishi Mkuu alicheka mpaka akashikilia meza. Kisha akakichukua kisu, akalowesha kiganja chake kile cha sinia, akafumba macho, akashika. Akaacha kucheka. Akasema miaka thelathini jikoni hajashika mpini kama huu. Nani kautengeneza? Nikainua kidole, kidogo tu, hadi hapa kifuani. Akasema wewe umetoboa tundu. Nauliza nani kautengeneza MPINI.

Mwenyekiti akafungua karatasi yake, akasoma tena kwa sauti: fundi aliyetengeneza mpini utakaochaguliwa, meza ya dirishani ni yake. Akaikunja. Akasema masharti ni masharti. Mshindi ni Mama, kwa kazi ya miaka hamsini na minne.

Sote tulijua atacheka na kukataa. Ataifanyia nini meza ya fundi? Mama mkwe akafungua kitambaa machoni, akauliza kama jua la asubuhi linafika hapo. Akaambiwa linafika. Akasema basi Jumatatu atakuja na mto wake.

Mimi na Msasa tutaiga umbo la mpini wake kwa visu vyote vya hospitali. Kwa mpera! Na yeye ndiye atakayekagua.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Nimekwenda ibadani na viatu vimefifia. Kopo limekwisha, wewe unajua lilikokwenda.

Yule mama wa maombi alisimama kutoa ushuhuda. Alisema weusi umeanza kuondoka, kwa sabuni, kwa mafuta na kwa muda, kuanzia kwenye viwiko kushuka chini, neno kwa neno kama ulivyoombewa. Kanisa likapiga makofi. Sikujua nitazame wapi, nikatazama viatu, navyo havikunisaidia.

Baada ya ibada nikapiga magoti mbele ya Mama mkwe nikaomba radhi. Akanyoosha mikono. Nikaelewa. Nikaleta beseni, mafuta ya kupikia na sabuni, nikamsugua kiganja, kidole kwa kidole, saa nzima. Kiganja chake kina bonde, Dada, bonde lenye umbo la ule mchi. Kumbe na mti nao ulikuwa unamchonga yeye! Nilipoinua macho nilikuwa namtazama usoni, na nimemtazama kwa muda. Naye ananitazama. Tukacheka wote wawili, mpaka mke wangu akaja kuuliza kuna nini.

Amenisamehe. Lakini mchi anautaka. Wa mti mgumu, kwa kipimo cha mkono wake, na kile kipande cha chini kirudi nyumbani. Nimekirudisha. Mchi mpya nimeuchonga jioni hii hii, mti mzuri mzito, bila rangi. Amekagua, amenusa, amepokea.

Jumatatu, tarehe 10 Juni

Naandika nikiwa nyuma, kando ya choo. Mimi na Msasa tumebanana meza moja na taa moja, na hatukubaliani iangaze upande gani. Mbele, dirishani, kwenye jua langu, yuko Mama mkwe. Ana mto, ana kinu, ana mchi mpya na kisu chake. Kila anayepita barabarani anasimama kumsalimia. Tupa yangu ikinyamaza tu, anagonga meza kwa kile kipande cha mchi wa zamani, ngo ngo ngo, bila kugeuka. Msasa anasema mama yake amezaliwa upya. Mimi nasema amezaliwa msimamizi.

Nimejifunza, Dada. Nimelifikiria sana nikiwa hapa gizani. Kosa langu lilikuwa kuchukua kitu cha mtu bila ruhusa. Sirudii. Nimeandika hilo kwa kalamu, si kwa penseli.

Nimepiga na hesabu: ule mchi mpya akiutumia yeye, kisha mke wangu, kisha binti yetu, baada ya miaka hamsini na minne utakuwa mpini wa ajabu. Mimi nitakuwa na miaka mia moja na saba. Nimeanza mazoezi ya kutembea asubuhi.

Lakini Mwenyekiti kasema mwakani meza itashindaniwa tena, na mwakani ni karibu. Ndiyo maana safari hii naomba ruhusa kwanza, kama mtu aliyebadilika. Kile kigoda cha bibi. Nakumbuka kina miguu minne. Muulize fundi yeyote, nami ni mmoja wao: kigoda cha miguu mitatu hakiyumbi kabisa, ni imara kuliko cha minne. Ule mguu wa nne unakichosha bure. Lakini kama unaona haya kwa wageni, usijali, ndani ya kifurushi hiki pamoja na daftari utakuta mguu mpya nimekuchongea, pacha kabisa wa ile mingine, hata bibi angechanganyikiwa. Nimenunua kopo jipya.

Usiushike ukiwa na jasho.

Msalimie shemeji na goti lako. Tafadhali nijibu upesi.

Mdogo wako